Mahojiano ya karatasi, na malenga yuko jirani

Mwanafunzi wa sekondari anayetoka hapa Bodo anayajua mahojiano kwa njia mbili, na zote mbili ni za karatasi. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili huenda akatakiwa aandike insha ya mahojiano. Atabuni mwanahabari, atabuni mgeni, ataweka nukta mbili mbele ya kila jina na kumalizia kwa shukrani. Katika karatasi ya tatu, upande wa fasihi simulizi, huenda akaulizwa faida za mahojiano katika kukusanya data nyanjani. Atazitaja, amezikariri. Muulize sasa yeye amewahi kumhoji nani, atakutazama tu.

Nayasema haya kwa kuwa mwaka huu wa 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, na mtaala huo unahubiri mtoto ajifunze kwa kutenda. Wenzao wa 8-4-4 wamebakisha KCSE mbili, na vitabu vyao ni Nguu za Jadi cha Clara Momanyi, Bembea ya Maisha cha Timothy Arege, na hadithi za Mapambazuko ya Machweo. Ni waandishi wa nchi hii hii na wa zama zetu. Lakini darasani mwandishi ni jina la kwenye jalada. Kinachosomwa ni mwongozo: maudhui, wahusika, tamathali za usemi. Wako wanaousoma mwongozo kabla ya kitabu, na wako wanaousoma badala ya kitabu.

Mwongozo haukwambii kazi ilifanywaje. Mwaka 1958 jarida la Paris Review lilichapisha mahojiano ya Hemingway, akaeleza kwamba tamati ya A Farewell to Arms aliiandika upya mara 39. Mpe habari hiyo mtoto anayeandika insha mara moja na kuisalimisha bila hata kuipitia, halafu anaamini kuandika ni kipaji alichonyimwa na Mungu.

Mfano wetu uko karibu zaidi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Diwani ya Sauti ya Dhiki ikatoka 1973. Amewahi kusimulia jinsi alivyoziandika tungo zile kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni. Ukishalisikia hilo, maswali yanakuja yenyewe. Mtu asiye na karatasi ya kuchezea huchagua vipi neno? Vina na mizani vilimsaidia kuhifadhi ubeti kichwani kabla ya kuuandika? Hayo ni maswali ya fasihi hasa.

Ila jibu la mwandishi lisigeuzwe mwongozo mwingine wa kusahihishia. Akisema alikusudia hivi, na kitabu chake kikaonyesha vile, mwanafunzi ana haki ya kushikilia kitabu. Walimu wetu wengine hilo litawapa tabu.

Watasema pia nauli hakuna na muda hakuna. Muda, kweli, ni mchache. Lakini simu moja yenye spika na darasa limenyamaza, nusu saa inatosha. Na huku kwetu hata simu haihitajiki. Bodo, na Funzi ng'ambo ya maji, wapo wazee wa Chifundi, lahaja ambayo vitabu vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Wapo akina mama wanaotunga nyimbo za harusi. Wadigo wana sengenya yao. Ukiteremka kusini ndiyo Vumba, jina alilolibeba Boukheit Amana katika diwani yake, Malenga wa Vumba, ya 1982. Hawa nao ni watunzi, ingawa hawana jalada.

Kuna adabu zake. Mwalimu atangulize salamu siku moja kabla, aombe idhini ya kurekodi, na kwa akina mama waende wasichana na mwalimu wa kike. Wimbo usikilizwe kwanza, maswali yaandikwe baadaye. "Ulianza lini kutunga?" ni swali la redio. Afadhali waulize: kwa nini neno hili umelirudia? Uliwahi kuuimba vingine, ukaubadilisha? Nani aliudhika? Kisha waandike, waandike tena, warudi wamsomee mzee asikie kama ni maneno yake. Hapo ndipo mtoto atagundua jinsi ilivyo vigumu kumnukuu mtu sawasawa, na insha yake ya mtihani itapata masikio.

Juma Bhalo alituondoka 2014. Sheikh Ahmed Nabhany, anayetajwa kuwa ndiye aliyetupa neno runinga, alifuata 2017. Ken Walibora, ambaye Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea vilitahiniwa nchi nzima, akafa kwa ajali Nairobi Aprili 2020. Ni madarasa mangapi ya Kwale yaliwahi kumuuliza mmoja wao swali hata moja?

Basi wakuu wa idara za Kiswahili Msambweni na Lunga Lunga waanze na mzee mmoja muhula huu. Rekodi moja ibaki maktaba ya shule, na nakala wapewe wajukuu zake.