Napoleon hakuiweza Bard, tuache kudanganyana

Kuna hadithi moja ya vita ninayoisikia kila mara, hasa kutoka kwa wale wanaodhani historia ni orodha ya wakubwa: eti mwaka 1800 Napoleon alivuka milima ya Alps, akashuka Italia na kufagia kila kilichomkalia njiani. Kila kitu? Na Bard je?

Bard ni ngome iliyojengwa juu ya mwamba, pale bonde la Aosta linapobana kabisa, kaskazini magharibi mwa Italia. Chini unapita mto Dora Baltea, kando yake kijiji na barabara. Anayeikalia ngome ndiye mwenye ufunguo wa bonde.

Mei 1800 ilikuwa mikononi mwa Waaustria wapatao 400 chini ya kapteni Stockard von Bernkopf. Napoleon alikuja na watu wapatao 40,000. Yaani mmoja kwa mia! Walishambulia, wakarudishwa. Askari wa miguu wakalazimika kuizunguka ngome kwa njia ya mlimani ya Albaredo. Mizinga mikubwa haikuweza kupita huko. Ikabidi wasubiri giza, watandaze nyasi kavu na samadi barabarani, wafunge magurudumu nyasi yasilie, kisha waikokote mizinga michache kimyakimya chini ya pua ya adui. Huko ndiko kufagia?

Ngome ilijisalimisha Juni 1, baada ya takriban wiki mbili. Napoleon mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameshatangulia, kesho yake akaingia Milan. Wakati huo Wafaransa wenzake waliozingirwa Genoa, pamoja na raia wa mji ule, walikuwa wanakufa kwa njaa. Genoa ilisalimu amri Juni 4. Kila siku iliyopotea Bard ilikuwa siku nyingine ya njaa Genoa. Hilo wapambe wake hawalitaji.

Najua nitaambiwa: "Lakini Juni 14 alishinda Marengo!" Sawa, alishinda. Sasa ushindi wa Marengo unafutaje kilichotokea Bard? Mshindi akishapata ushindi, wapambe humsafishia hadi njia aliyopitia. Ndiyo maana mchoraji David alimweka juu ya farasi aliyesimama kwa miguu miwili, wakati mlima ule Napoleon aliuvuka juu ya nyumbu aliyeongozwa na mwenyeji. Na ngome iliyomwaibisha? Aliamuru ibomolewe. Ukitaka kujua kilichomuuma mkubwa, angalia alichokivunja.

Lakini nisimwonee Napoleon peke yake. Watawala wa Savoy nao walikuja na ugonjwa wao. Kwa kuwaogopa Wafaransa waliijenga upya Bard kati ya 1830 na 1838, kubwa kuliko ya kwanza. Wafaransa hawakurudi kuishambulia. Mwaka 1831 alipelekwa pale ofisa kijana wa uhandisi, Cavour, kwa sababu wakubwa hawakupenda mawazo yake. Huyo huyo baadaye akawa waziri mkuu wa Piedmont, mwaka 1858 akakubaliana na Napoleon wa Tatu, na mwaka 1859 jeshi la Ufaransa likaingia Italia kama mshirika! Fedha yote ile, mawe yote yale, kumzuia mtu ambaye baada ya miaka ishirini unamfungulia mlango mwenyewe.

Baadaye ngome ikawa gereza, kisha ghala la silaha. Tangu 2006 ni jumba la makumbusho, watu wanalipa kiingilio.

Hoja yangu ni fupi. Tukiitaja Bard tuanze na wale 400 na kapteni wao, halafu waliokokota mizinga usiku juu ya samadi. Hao ndio walioifanya historia ya pale. Mkubwa alipita tu, akakasirika, akavunja. Anayebisha alete hoja, siyo picha ya farasi.