Haki Iliyonyamaziwa

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, kamati yetu hapa Musoma ilikuwa ikipanga picha za ujenzi wa madrasa ili zipelekwe kwa ndugu zetu wa Bunda na Butiama waliochangia saruji. Kijana mmoja akauliza: picha hizi zote ni za muundo wa JPEG, je, JPEG ina mwenyewe? Wazee wakacheka. Sisi hatukucheka.

Kanuni za JPEG ziliwekwa mwaka 1992, na dunia nzima ikazipokea. Mwaka 2002 kampuni ya Forgent ya Marekani ikaibuka na hataza ya mwaka 1987, ikidai kuwa njia hiyo ya kubana picha ni mali yake. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2006 mamlaka ya hataza ya huko ikayakataa, kwa hatua ya awali, baadhi ya madai yake, na mwaka huo huo kesi zikamalizwa. Kabla ya hapo Unisys ilifanya vivyo hivyo kwa GIF: muundo ulitoka mwaka 1987, malipo yakadaiwa mwishoni mwa 1994. Wataalamu wakakasirika, wakaunda PNG isiyodaiwa na mtu.

Ndugu msomaji, hatusemi kwamba mvumbuzi hana haki. Baraza la Fiqhi lililokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kuwa haki za uvumbuzi zinalindwa na sheria ya Kiislamu. Basi anayeweka programu za wizi kwenye kompyuta ya msikiti asijifiche hapa.

Tunachokataa ni ukimya. Katika shufaa, mshirika wa ardhi ana haki ya kulinunua fungu ambalo mwenzake amemuuzia mtu wa nje. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, akijua kisha akanyamaza bila udhuru, haki hiyo humpotea. Hata sheria ya Tanzania humpa mdai wa ardhi miaka 12 tu. Unisys ilieleza kwamba ilichelewa kutambua. Huo ni udhuru wa kusikilizwa. Forgent iliipata hataza yake kwa njia ya kununua kampuni nyingine, na hilo ni gumu zaidi kulitetea.

Hataza zote mbili zimekwisha muda, na picha zetu zimekwenda Bunda na Butiama kwa JPEG. Kijana yule ameagizwa alete, kabla ya kikao cha Rajabu, orodha ya miundo tunayohifadhia sauti za darsa, na wenyewe wake.