Mkanda wa picha 36 na mtoto aliyezoea kufuta

Simu ya baba mmoja mkazi wa Tanga ilipoibwa kwenye daladala, hakulilia simu. Simu alinunua nyingine. Kilichomuuma ni picha za miaka minne ambazo hakuwahi kuzihamishia mahali pengine, zikiwamo za Idi ya mwisho ya marehemu baba yake.

Nyumbani ilibaki picha moja tu ya mzee huyo. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, aliyopiga studio akiwa kijana, amesimama mbele ya pazia na saa yake ya mkononi inaonekana vizuri. Ipo ukutani chumbani kwa bibi tangu kabla watoto wake hawajazaliwa.

"Bibi, mbona hii haijapotea?" aliuliza mjukuu wake wa kike mwenye miaka 14.

"Ingepotelea wapi, mjukuu wangu? Si iko kwenye msumari wake."

Siku hiyo baba alifungua kabati na kutoa kamera ya marehemu, Pentax K1000, kamera ya mkanda iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997. Haina mambo mengi. Betri yake ndogo ni ya kipima mwanga tu. Hata ikiisha, kamera inaendelea kupiga. Baba na binti wakakubaliana kwamba likizo hii watampiga bibi picha ya msumari wa pili. Bibi alikubali kwa sharti moja: "Nipigeni nikiwa bado naweza kukaa wima."

Anakaa wapi?

Baba alidhani kazi ni kununua mkanda wowote wa nyeusi na nyeupe. Alikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha studio mtaani, akamwamkia na kumwonyesha kamera. Mzee hakutaja mkanda. Alimuuliza mama yake hupenda kukaa wapi, na saa ngapi.

"Barazani, mzee. Baada ya alasiri."

"Basi nyinyi mnahitaji mia nne."

Alikuwa anazungumzia namba iliyoandikwa kwenye boksi la mkanda baada ya herufi ISO. Namba hiyo inaeleza mkanda unahitaji mwanga kiasi gani. Wenye namba ndogo, kama Ilford FP4 Plus wa 125 au Fomapan 100 unaotengenezwa Jamhuri ya Cheki, unataka mwanga mwingi, na malipo yake ni picha laini yenye chembechembe ndogo sana. Unafaa juani, au kwa mtu atakayetulia huku kamera ikiwa juu ya stendi.

Mkanda wa 400, kama Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X 400, unatosheka na robo ya mwanga unaotakiwa na ule wa 100. Ndiyo maana unafaa barazani, chini ya mti na kwa watoto wasiotulia. Chembechembe zake zinaonekana kidogo, lakini haziharibu sura ya mtu. Juu zaidi upo Ilford Delta 3200, ambao unaweza kupiga hata ndani usiku kwa taa za kawaida, ila picha yake huwa na chembe kubwa kama mchanga.

Kwa familia inayoanza, wa 400 ndio wenye busara. Unavumilia makosa, na makosa yatakuwepo. Jambo jingine alilosisitiza mzee ni kutonunua mikanda mitatu ya aina tatu. Anayebadilisha mkanda kila mara hawezi kujua kosa lilikuwa la mkanda, la mwanga au la mkono wake.

Nani atasafisha?

Swali la pili linapaswa kuulizwa kabla ya kulipa: mkanda ukiisha utasafishwa wapi? Kama mjini kwenu ipo studio inayosafisha mikanda ya rangi tu, mkanda wa Ilford XP2 Super unaweza kuwafaa, kwa sababu ni wa nyeusi na nyeupe lakini husafishwa kwa dawa zilezile za mkanda wa rangi. Mikanda mingine iliyotajwa hapo juu inahitaji dawa zake, ambazo mzazi anaweza kuzitumia nyumbani.

Anayeagiza mkanda kwa ndugu aliye safarini amwombe aubebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege, na aombe ukaguliwe kwa mkono pale penye mashine mpya za uwanja wa ndege, kwani zinaweza kuuharibu. Ukifika nyumbani, joto la pwani si rafiki yake. Uwekwe kwenye friji ukiwa ndani ya kopo lake, kisha utolewe saa chache kabla ya kuutumia.

Huu si ujuzi mgeni kwenye pwani yetu. Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za nyeusi na nyeupe zilizotoka studio hiyo zinaonyesha watu na mitaa ya Zanzibar ambayo leo isingejulikana ilivyokuwa.

Jaribio na daftari

Baba alinunua HP5 Plus mmoja wa picha 36. Mzee aliwashauri waugawe mara tatu: picha 12 juani, 12 barazani na 12 ndani karibu na dirisha. Binti akapewa daftari la kuandika namba ya picha, mahali, saa, kasi ya kamera na ukubwa wa tundu la lenzi. Bila daftari, picha nzuri ni bahati na mbaya ni fumbo.

Juani kazi ilikuwa rahisi. Kwa mkanda wa 400 jua likiwaka, kasi ya 1/500 na tundu la 16 vinatosha hata bila kipima mwanga.

Barazani ndipo penye somo. Bibi ni mweusi wa kung'aa, na nyuma yake kuna ukuta wa chokaa. Kipima mwanga cha kamera hakijui kilicho muhimu. Kinachukua wastani wa kila kinachokiona. Kikiona ukuta mweupe mwingi, kinadhani mwanga umezidi, na anayekifuata atapata ukuta mzuri na uso usio na macho. Dawa yake ni kusogea mpaka uso ujaze kamera, kupima pale, kuacha vipimo vilevile, kisha kurudi nyuma na kupiga. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga kidogo badala ya kupunguza. Mkanda wa aina hii husamehe mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Binti alifanya hivyo mara nane. Bibi alikaa wima mara zote nane, kanga begani, bila kulalamika.

Kisha, kwa mkono wa mtoto aliyezaliwa na simu, binti akavuta kitufe na kufungua mgongo wa kamera ili aone zimetokaje.

Dakika ya mzazi

Mkanda ambao haujasafishwa ukiona mwanga, unaungua. Baba aliona, akaruka, akaufunga. Maneno aliyotaka kusema yalishafika mdomoni: bei ya mkanda, kutosikiliza, watoto wa siku hizi. Alimtazama binti yake na kukuta machozi yameshatangulia. Akameza maneno yake, akampigia simu mzee.

"Usitoe mkanda," mzee alisema. "Picha zilizopigwa zimejiviringisha upande mmoja. Zilizo nje zimeungua, za ndani huenda zimepona. Ambazo hazijapigwa bado zimo ndani ya kopo lake. Funika lenzi, sogeza mkanda mara mbili, endeleeni."

Zilibaki picha 14. Shida ilikuwa kumwambia bibi kwamba alikaa bure.

Binti alikwenda mwenyewe. "Bibi, nisamehe. Nimeziunguza picha zako zote."

Bibi alijitengeneza kanga. "Hata babu yako siku ile alifumba macho mara ya kwanza, akapigwa tena. Haya, niambie nitazame wapi."

Wazazi wengi wanaponunua kitu cha kujifunzia, hukadiria bei ya kitu na kusahau bei ya kosa. Mkanda una kosa ndani yake tangu dukani. Kwenye simu mtoto hufuta na kupiga tena, na hakuna anayejua. Kwenye mkanda, kosa linabaki, linaandikwa kwenye daftari, na mtu aliyelikosea anaombwa radhi kwa mdomo. Mzazi asiyeweza kulipokea bila kugomba, bora abaki na simu.

Barafu na dakika 13

Walisafisha kwa mzee, siku ya Jumapili. Mkanda unaingizwa gizani, ndani ya mfuko mweusi, kwenye gurudumu na kisha kwenye tangi dogo lisilopitisha mwanga. Baada ya hapo kazi yote hufanyika kwenye mwanga wa kawaida. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huchukua dakika 13, lakini dawa ikiwa na nyuzi 20. Maji ya bomba la Tanga yana joto kuliko hapo, na joto likizidi picha hukomaa haraka mno. Ndiyo maana kulikuwa na beseni la maji ya barafu na kipimajoto, na chupa za dawa zikakaa humo mpaka zikapoa. Binti alihesabu dakika na kupindua tangi kwa sekunde 10 kila dakika. Baada ya hapo ikaja dawa ya kugandisha picha, kisha maji mengi ya kusuuza.

Anayefanya hivi nyumbani azingatie mambo haya. Dawa zisiwekwe kamwe kwenye chupa za soda au maji ya kunywa. Ziandikwe jina na kufungiwa mbali na watoto wadogo. Vyombo vyake visirudi jikoni. Dirisha liwe wazi na glavu ziwe mkononi.

Mkanda ulipotundikwa kwa kibanio cha nguo, ulisema ukweli wote. Picha za mwanzo za juani zilipona. Za barazani zilikuwa weusi mtupu, picha nane zilizoungua. Nyingine mbili za dirishani zilitikisika. Lakini namba 29, iliyopigwa barazani mara ya pili, ilikuwa na kila kitu: macho, mikunjo ya uso, nakshi za kanga. Binti alifungua daftari na kusoma vipimo vyake kwa sauti.

Jioni walimpelekea bibi mkanda mkavu, wakauinua mbele ya dirisha. Kwenye mkanda, mambo huwa kinyume: palipo peupe huonekana peusi. Bibi aliusogeza karibu na jicho, akajitazama kwa muda mrefu.

"Mvi zangu zimekwenda wapi?" aliuliza. "Humu nywele nyeusi kama siku ya harusi."

Picha ya karatasi itatoka wiki ijayo, mzee akishasafisha mashine yake ya kukuzia iliyolala miaka mingi. Msumari umeshapigwa, pembeni ya ule wa babu. Aliyeugongomea ni binti.