Wacheni Kutubeba Ufala na Hizi Posta za Mlima

Kila Jumatatu WhatsApp yangu hujaa posta za hike za Jumamosi. Picha ni ileile: msee amesimama juu ya jiwe, mikono hewani, mawingu yako chini yake. Hapo chini kuna bei, kuna mahali basi itawabebea pale tao, halafu kuna yale maneno mawili: "beginner friendly". Ngong Hills, beginner friendly. Longonot, hivyo hivyo. Elephant Hill, hivyo hivyo. Juzi nimeona ya Point Lenana, siku tatu, na bado wameyabandika. Manze, Lenana ni mita 4,985 juu ya bahari. Ni nani huanzia huko?

Kabla mniambie nachukia vibe: mimi naipenda milima, nusu ya video zangu hutoka huko. Kile nachukia ni uongo. Ukiuziwa kiatu kisichokutosha Gikomba, kesho yake unarudi kugombana na aliyekuuzia. Ukiuziwa mlima usiokutosha utaurudisha kwa nani, saa kumi na moja jioni, magoti yanatetemeka katikati ya mianzi?

Angalieni wale watu wa kuskii, wale huteleza kwa theluji huko Ulaya na Marekani. Najua ni mchezo wa wenye doh, na theluji wengi wetu tumeiona kwa Netflix tu. Lakini kuna kitu wametushinda. Kila njia ya kushukia mlima imepewa rangi. Ulaya, kijani na buluu ni za wanaojifunza na wa kawaida, nyekundu ni ya waliozoea, nyeusi ni ya wale wamebobea. Marekani wana duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi. Kwa hivyo mbogi ikichagua mahali pa kwenda haisimami kwa picha ya kilele. Inauliza njia za kijani ni ngapi, kama kuna walimu, na yule shangazi hataki kuteleza kabisa atashinda wapi. Mlima wenye njia nyingi nyeusi unaweza kuwa moto kwa bingwa na bure kabisa kwa mtoto wake, na hakuna mtu anaona hiyo ni aibu.

Sisi tuna rangi moja. Kijani kila mahali.

Basi wacha nipake rangi mwenyewe, hizi njia nazijua kwa miguu.

Ngong ni kijani, nakubali. Lamwia, kile kilima kirefu kuliko vyote, iko kama mita 2,460. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na upepo unakuchapa mpaka unaelewa kwa nini ile mitambo ya umeme iliwekwa pale. Lakini kinachoifanya iwe ya wanaoanza ni kwamba ukishindwa kwa kilima cha tatu unageuka tu na kurudi, na hujaharibia mtu siku. Kilimambogo pia iko hivyo, kuna barabara ya gari ya kupanda nayo.

Longonot ni buluu. Watu hushika namba moja pekee: kutoka geti hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita 3. Hawakwambii kuzunguka ukingo ni kilomita 7 na kitu juu ya hizo, kwamba kilele cha mita 2,776 kiko huko kwa mzunguko, na kwamba kivuli ni cha kutafuta. Halafu zile 3 za kushuka zinakungoja, na vumbi lake. Lakini kwa group ya watu mchanganyiko, mimi nitachukua Longonot kabla ya milima mingi, kwa sababu inawaruhusu kugawanyika bila drama. Wenye wamechoka wanakaa ukingoni wakikula ndizi, wengine wanazunguka, mnapatana palepale. Hilo swali hakuna mtu huuliza kwa group: huu mlima ukitugawanya, kila mtu atakuwa wapi?

Elephant Hill ni nyekundu, na hapa sitabishana na mtu. Iko Aberdare, unaanzia msitu wa Njabini, na unapita mita 3,500. Kuna matope, kuna mianzi, halafu kuna vilele vya uongo, unafika unadhani umemaliza kumbe bado. Sehemu moja wapandaji wameibatiza Point of Despair. Mahali pakiitwa pa kukata tamaa, si pa kumleta mtu ambaye mazoezi yake ni kushuka ngazi za ofisi. Na hakuna mkato: hatua zote ulipanda ndizo utashuka, ukiwa umechoka zaidi, na hakuna gari itakufuata.

Mwaka jana nilienda huko na group moja, sitaitaja. Tulikuwa watu kama 40 na guides wawili, na wote wawili walikuwa mbele na wale wa mbio. Kulikuwa na msichana ambaye ilikuwa hike yake ya kwanza. Binamu yake alimlipia kama zawadi ya birthday, na posta ilimwambia ni ya wanaoanza, kwa hivyo alikuja na raba za kutembea nazo mtaani na chupa moja ndogo ya maji. Mara nne aliambiwa "tumekaribia". Tulibaki naye watu wawili, si kwa sababu ni kazi yetu, ni kwa sababu hakuna mwingine alibaki. Tulitoka msituni saa mbili usiku kwa tochi ya simu. Mwenye simu alikuwa anatuhesabia chaji: tisa, nane, saba. Kwa basi watu walimpigia makofi, na si yale mazuri. Hakuna aliyemuuliza mwenye posta kitu. Msichana ndiye aliomba msamaha. Kwa nini? Alilipa pesa sawa na wao, na alichouziwa sicho alichopewa.

Sasa Lenana. Lenana ni nyeusi, na ndiyo inadanganya watu vibaya zaidi kwa sababu haihitaji kamba. Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, zinataka watu wa kamba na vyuma, kila mtu anajua. Lenana unatembea tu. Shida ni hewa. Ukifika pale juu, mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa Mombasa. Madaktari wa mambo ya milimani hushauri hivi: ukishapita mita 3,000, mahali unalala usiku pasipande zaidi ya kama mita 500 kutoka mahali ulilala jana. Chukueni sasa ile posta ya siku tatu kwa njia ya Sirimon. Usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili Shipton's, mita 4,200. Hesabu ni ya darasa la tatu. Mmeruka 900, halafu usiku wa manane mnaamshwa mwende kileleni.

Na gym haitakuokoa. Kichwa kuuma, kutapika na kizunguzungu havijui kama unainua kilo mia. Msee fiti anaweza hata kuumia haraka, kwa sababu anakimbia. Mtu akianza kukosa pumzi hata akiwa amekaa, au atembee kama mlevi, anashushwa hapo hapo, hata kama ni usiku, hangojei asubuhi ndiyo muone jua likichomoza. Je, group yenu ina guide wa ziada wa kushuka naye? Kama hakuna, basi mmoja akiugua ni mmoja wa mambo mawili: wote mnashuka, au mnamwacha. Kuna usiku mmoja wa ziada ungesaidia sana, lakini usiku mmoja ni chakula, ni malazi, ni ada ya KWS, na posta ya siku nne haivutii kama ya siku tatu.

Na hizo rangi hubadilika na mvua. Hell's Gate haina urefu wa kutisha mtu, ni matembezi na baiskeli, lakini ndani ya lile korongo mvua inaweza kuwa imenyesha mbali huko juu na wewe uko kwenye jua ukipiga picha. Mwaka 2012 maji yalibeba vijana wa kanisa mle ndani. Septemba 2019 yakaua watu saba. Bado kuna posta za msimu wa mvua ambazo hazitaji mvua hata kidogo.

Najua jibu lenyewe, nimeambiwa kwa DM mara nyingi. Ati watu ni wazima, kila mtu ajijue. Sawa, lakini nitajijuaje kama wewe mwenye kujua umenificha? Wengine wananiambia nafungia wanaoanza nje, ati milima ni ya kila mtu. Ni ya kila mtu, ndiyo sababu nataka yule wa mara ya kwanza arudi mara ya pili. Yule msichana wa Elephant Hill hatarudi. Sababu halisi mnaijua na mimi naijua: basi lina viti 33, na ukiandika ukweli viti kumi vinabaki wazi.

Na sisi pia, kwa zile group za marafiki. Mnapiga kura ya mlima kwa picha, yule mwenye pumu ananyamaza asionekane wa kuchelewesha wengine, na mwenye amefanya Kilimanjaro ndiye anaamua. Geuzeni hiyo. Yule wa polepole aongee kwanza, na mlima uchaguliwe kwa miguu yake. Msee wa Kilimanjaro ataenda Ngong siku moja na hatakufa.

Kabla ya kutuma hiyo M-Pesa, uliza guide wa nyuma ni nani na amebeba nini kwa bag. Uliza ni wapi unaweza kugeukia na nani atarudi na wewe. Ukijibiwa kwa emoji za moto, kaa na pesa zako.

Waandalizi, mkitaka kuniblock, nibloki tu. Lakini andikeni mita za kupanda, saa ambazo mtu wenu wa mwisho alitumia safari iliyopita, na saa ya kugeuka hata kama hamjafika juu. Ni laini tatu. Zinatoshea hapo chini ya yule msee wa kwa jiwe.