Aliyetoa Senti Ana Haki ya Kuuliza

Ndugu wafanya kazi,

Mwisho wa mwezi tukipewa karatasi ya mshahara, wengi wetu hutazama mstari mmoja tu, ule wa chini kabisa. Leo twaomba mtazame mistari ya katikati. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2024, mtu wa shilingi 30,000 hukatwa shilingi 825 za bima ya afya, maana ni asilimia 2.75, na shilingi 450 za ujenzi wa nyumba, maana ni asilimia 1.5. Bado NSSF, bado kodi ya mapato, bado ada ya chama. Fedha hizo huondoka kabla mkono wetu haujazigusa.

Hatusemi kwamba kukatwa ni vibaya. Nchi haiendi bila kodi, kama vile gari moshi haliendi bila mafuta. Twasema neno moja tu: aliyetoa senti ana haki ya kuuliza senti yake imekwenda wapi, na uhuru wa mtu hupimwa hapo, kama aweza kuuliza bila hofu.

Katika nchi yetu kodi haikuanza kwa kuulizana. Mwaka 1901, mwaka ule ule reli ilipofika Kisumu, Serikali ya Waingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na mtu wa mashambani alikuwa na mbuzi na mtama, hana rupia. Ili aipate rupia ilimlazimu aache shamba lake aende kuandikwa kazi kwa mzungu. Kwa hiyo kodi ile ilikuwa na kazi mbili: kujaza sanduku la Serikali, na kumsukuma mtu atoke kwake. Na Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1907, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Wazee wetu walilipa miaka zaidi ya arobaini bila mtu wao wa kuuliza.

Lakini waliuliza hivyo hivyo. Mwaka 1921 kodi ilikuwa imefika shilingi 16, kipande kilikuwa shingoni, na masetla wakakubaliana kupunguza ujira kwa theluthi moja. Aliyesimama ni Harry Thuku, mtu wa simu katika ofisi ya Hazina, Nairobi. Hakuwa chifu wala tajiri, bali mtu wa mshahara kama sisi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Wafanya kazi wa Nairobi wakaacha kazi, na tarehe 16 watu wakajaa penye kituo cha polisi alikofungwa. Wakapigwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri watu 21 kufa, na katika waliouawa alikuwamo mama yetu Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku akapelekwa mbali, Kismayu. Hata hivyo mwaka huo huo kodi ilishushwa ikawa shilingi 12. Kuuliza kulizaa matunda, ingawa kwa bei ya damu.

Mtu atasema, hayo yalikuwa ya wakoloni, na tangu mwaka 1963 wanaotawala ni watu wetu. Ni kweli. Tena Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha, na kwamba hakuna mkubwa wa Serikali atakayesamehewa kodi kwa ajili ya cheo chake. Ni maneno mazuri. Lakini tarehe 25 Juni 2024 Bunge lilipitisha Mswada wa Fedha huku vijana wamejaa barabarani wakiukataa, na siku hiyo watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alisema hatautia sahihi. Hesabuni wenyewe: tangu 1922 ilikuwa imepita miaka 102, na ilikuwa tena Nairobi, tena kodi, tena risasi. Rangi ya kiongozi ilibadilika, na swali la mlipaji bado lilijibiwa kwa bunduki kwanza, kwa maneno baadaye.

Tuliosoma shule za misheni twazijua habari za mfalme Rehoboamu. Watu walimwomba awapunguzie mzigo aliowatwika baba yake. Wazee wakamshauri awasikilize, awe mtumishi wao. Yeye akafuata shauri la vijana waliokua pamoja naye, akawajibu kwa ukali kwamba ataongeza. Makabila kumi yakamwacha, na msimamizi wa kazi za lazima aliyetumwa kwao akapigwa mawe. Kosa lake halikuwa kodi peke yake, bali kuona swali la watu kuwa ni dharau.

Sasa tugeuke tujitazame. Ada ya chama nayo ni kodi, maana hukatwa mumo humo kwenye mshahara. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka vyama vyetu vipeleke hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili. Lakini hesabu iliyo Nairobi katika faili haimsaidii mtu wa genge aliye mbali huko njiani. Katika mkutano ujao wa tawi, kila mmoja wetu aulize maswali matatu: zimeingia ngapi, zimetumika katika nini, na zimebaki ngapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako watakaosema kwamba maswali kama haya huvunja umoja na kumfurahisha mwajiri. Twawajibu kwa kazi yetu wenyewe. Watu wa genge hutembea juu ya njia wakitazama mataruma na kugonga misumari. Hawafanyi hivyo kwa kuichukia reli, bali ili gari lisianguke. Kiongozi mwenye hesabu safi hufurahi akiulizwa, na anayekasirika ametujibu tayari.

Tukiogopa kumwuliza katibu wa tawi, ambaye twamjua kwa jina na tuliyempigia kura wenyewe, tutapata wapi nguvu za kumwuliza waziri? Basi, ndugu, tuanzie nyumbani. Njooni mkutanoni, na kila mtu aje na karatasi yake ya mshahara mfukoni.