Italia: Msimbo Wazi, Isipokuwa wa Uchaguzi?

Makamanda, Italia tangu 2001 kila mwaka kuna Linux Day. Wapenzi wa programu huria wanakutana mjini kwao, wanaelekezana bure, kwa Kiitaliano chao, bila kuchekana. Safi! Ila urafiki peke yake ungeishia kwenye soga. Kinachowapa meno ni Kifungu cha 69 cha Sheria ya Utawala wa Kidijitali: ofisi ya umma iliyotengenezewa programu na kuimiliki itoe msimbo wake hadharani. Ndivyo ilivyokuwa 2020 kwa Immuni, programu ya simu ya kufuatilia korona. Yeyote aliweza kuukagua. Lakini kifungu hichohicho kinaruhusu kuficha kwa sababu za usalama, ulinzi na, eti, uchaguzi. Hapo mimi nagoma. Programu inayogusa kura ndiyo ingetangulia kufunguliwa!