Tumwinue Mzee Kitandani

Tunapomtembelea mzee wetu hospitalini, twamwambia, “Lala, baba, upumzike.” Twadhani huo ndio upendo, kumbe siku chache za kulala tu hudhoofisha misuli, na aliyeingia wodini kwa miguu yake aweza kutoka akibebwa. Huko Pamplona, Hispania, wagonjwa 370 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Waliofanyishwa mazoezi mara mbili kwa siku waliongezeka, kwa wastani, uwezo wa kujihudumia. Waliopata huduma ya kawaida tu walipungukiwa. Basi, daktari akiridhia, tumshike mzee mkono, asimame, apige hatua tano; kesho kumi. Huruma yetu isimlaze, bali imwinue.